Ufunguo Uko kwa Mshirika

Jumanne, 1 Oktoba

Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Sita mpaka mkono umekufa ganzi. Mada ni miungano ya kijeshi baada ya Vita Kuu ya Pili. Nafundisha kwa Kiingereza, naeleza kwa Kiswahili, wanajibu kwa lugha ambayo bado haijapewa jina. Nusu ya darasa wameandika kwamba nchi rafiki hugawana mabomu ya nyuklia, kama watu wanaogawana nyama ya Pasaka. Itabidi nirudie kipindi chote.

Rozari ya jumuiya ilikuwa kwangu. Wamekuja wachache. Joto, na vumbi la huku kwetu Matogoro linaingia mpaka kwenye chumvi.

Editha hajapiga wiki hii. Binti yangu wa pekee. Ni sista, yuko Ujerumani, anawahudumia masista wazee waliorudi kwao kutoka misheni za huku. Babu zao walitunyonga hapa Songea, sisi tunakwenda kuwaogesha wajukuu. Editha huchukia nikisema hivyo. Nasema humu ambamo hasikii.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kipindi kimerudiwa. Nimewachorea ubaoni. Nchi kubwa ina mabomu. Nchi rafiki haina, lakini ina uwanja wa ndege, ina ndege, ina marubani. Mabomu ya mkubwa yanakaa kwenye ghala la rafiki, chini ya ulinzi wa askari wa mkubwa. Ikifika siku, idhini inatoka kwa rais wa nchi kubwa, na anayebeba ni rubani wa nchi rafiki. Mmoja bila mwingine, bomu halitoki. Kuna kamati ambamo mawaziri wao wa ulinzi wanakaa kupanga kwa pamoja. Mwanachama mmoja mwenye mabomu yake mwenyewe hakai humo, hapendi kupangiwa. Na kabla ya kupiga watashauriana, kama muda utaruhusu.

Hapo kwenye muda darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Zaituni, binti wa mfanyabiashara mmoja wa Msamala, akanyoosha mkono. "Madam, adui akitaka kuanza, atampiga mwenye bomu au mwenye ghala?"

Nikamwambia swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho. Ndivyo tunavyosema walimu tukitaka kengele ituokoe. Jibu ninalo. Mwenye ghala.

Jumapili, 6 Oktoba

Editha kapiga baada ya misa. Nikamsimulia kipindi cha Alhamisi, kwa kujisifu tu, aone mama yake bado yumo. Akasema, "Mama, ghala hilo liko hapa kwetu. Ukisimama kwenye bustani ya viazi unaona uzio."

Nilidhani anatania. Hatanii. Nyumba ya masista iko juu, uwanja wa ndege wa jeshi uko bondeni. Kijiji kizima kinajua. Serikali haikubali wala haikatai. Hata meya wao hajawahi kuambiwa yamo mangapi. Siku nyingine wanakuja watu wa amani, wanasali na kuimba getini, wanakunja mabango yao, wanaondoka. Mwezi huu kuna mazoezi ya pamoja. Ndege za nchi rafiki zinakuja, zinaruka bila mabomu, wakuu wanapima kama mipango ya huyu inashikana na ya yule. Yanatangazwa mapema, amesema, ili upande wa pili usije ukadhani ni kweli.

Miaka yote hiyo hakuwahi kunitajia. Akasema, "Ningekutajia ungelala?"

Nisingelala. Wala leo sitalala.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamka na mtaro kichwani.

Nilizaliwa kijiji cha mpakani, kando ya Ruvuma. Ng'ambo kulikuwa na vita. Wapigania uhuru walikuwa na kambi kwenye msitu wetu. Nchi ilikuwa imewapokea na sisi tulijivunia, tuliwapa mihogo, tuliwaita kaka. Bunduki hazikuwa zetu. Ndege ya Mreno ilipokuja haikuuliza bunduki za nani. Baba alichimba mtaro nyuma ya jiko, tukawa tunaingia wote, na kuku. Siku moja kaka yangu Damasi alikuwa ametangulia shambani, bomu likamkuta huko. Alikuwa hajaanza hata kunyoa. Tulimzika bila kuruhusiwa kumtazama.

Bado nasema tulifanya sawa kuwapokea. Nasema hivyo darasani kila mwaka. Lakini sitaki mtoto wangu alale jirani na silaha ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo habari yote, na wala haihitaji kamati.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Mkuu wa shirika la Editha. Nimeomba amrudishe. Kanipa chai, kanisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwema, ndiyo maana nilitoka nimechoka. Akasema, "Mama, Editha mlitupatia mbele ya altare, ukoo wote mkipiga vigelegele. Lakini nitamuuliza mwenyewe."

Atamuuliza. Najua jibu la mwanangu. Amechukua ubishi kwa baba yake, utii ameuweka kwa Mungu, mimi sikubakiziwa kitu.

Jumapili, 13 Oktoba

Amekataa. Amenipigia mwenyewe kuniambia, hakutaka nisikie kwa mtu.

Sababu ni Sista Walburga. Alikuwa mkunga vijijini huku maisha yake yote, akarudishwa kwao mzee. Sasa akili imebaki huku. Kijerumani kimemtoka kabisa. Anaongea Kingoni, na Kiswahili kidogo, anauliza kama mahindi yamekobolewa, anamfukuza mbuzi asiyekuwepo. Wenzake wamekaa naye meza moja na hawajui anataka maji au anataka choo. Nyumba nzima anayemwelewa ni Editha. "Nikiondoka, mama, ataongea na nani?"

Nikasema na mimi nitaongea na nani. Salio lake likaisha.

Namchukia huyo bibi. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 16 Oktoba

Redio asubuhi: mkubwa wa upande ule katishia tena, wakubwa wa upande huu wamejibu kwamba wako pamoja na mpango wao uko tayari. Mazoezi yanaendelea. Mtangazaji kasoma, kisha akasoma bei ya mahindi. Nimefundisha vipindi vyangu vyote na sikumbuki nilichofundisha.

Jioni nimepita Mjimwema kwa shemeji yangu Kastori, mdogo wa marehemu mume wangu. Ana duka la pembejeo, na tangu kaka yake afariki yeye ndiye msemaji wa ukoo. Nilimweleza yote katikati ya magunia ya mbolea. Akasikiliza akichokonoa meno. "Shemeji, mtoto haitwi kwa habari za redio. Anaitwa kwa ugonjwa."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Imefanyika.

Huku kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Mtu anaambiwa mgonjwa wako anaumwa, njoo, na anayeitwa anaelewa, anapanda gari analia. Mimi niliitwa hivyo kwa ajili ya baba Editha, na alikuwa tayari yuko mochwari. Nilimkumbusha Kastori. Akasema yeye atasema anaumwa kweli, na atatia neno kweli mara mbili. Tukaona inatosha. Watu wazima wawili, mmoja mwalimu.

Akapiga nikiwa nimekaa mbele yake. "Mwanangu, mama yako anaumwa, anaumwa kweli kweli. Jitahidi uje." Nilisikia sauti ya Editha ikiuliza kitu, na Kastori akijibu, "Wewe njoo tu."

Wewe njoo tu. Hilo hatukukubaliana. Lilimtoka lenyewe, ndivyo sote tunavyosema.

Kasema nizime simu yangu, mgonjwa mahututi hapokei simu. Nimezima. Nimehamia kwake Mjimwema, chumba cha uani. Shuleni wameambiwa malaria.

Jumamosi, 19 Oktoba

Masista wawili wamekuja kuniona. Mama Mkuu kawatuma. Wameleta unga wa lishe na machungwa. Nimelala chini ya blanketi na joto hili, nikatoka jasho mpaka wakaamini. Wamesali. Mmoja akampigia Editha palepale, akamwambia wasiwasi aondoe, tumemwona mama, hajambo hajambo, anaendelea vizuri.

Editha akasema, nimemsikia kabisa, "Basi mpeni simu."

Sista akaniletea simu mpaka sikioni.

Nikafumba macho.

Sista akasubiri, akarudi nyuma, akamnong'oneza kwamba nimepitiwa na usingizi. Upande wa pili simu ikakatwa. Sijui kwa nini nilifumba. Najua. Ningesema neno moja angebaki kule, na mimi nilitaka atoke. Machungwa yako hapa, sijayagusa.

Jumapili, 20 Oktoba

Ana tiketi. Masista wa kule wamemlipia. Kastori kanipongeza kama mtu aliyefaulu mtihani.

Sijisikii kufaulu. Nimemtaka Kastori atoe simu yake ampigie Editha, amwambie niko hai, nimekaa, nakula ugali. Akapiga. Haipatikani, ameshaanza safari. Na hata angempata angesema nini? Masista wamemwambia hajambo na haikusaidia. Ndiyo maneno yaleyale tunayompa mwenye maiti.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimerudi Matogoro jana, ili akute nimepona. Nimepika mboga ya maboga na maharage, nimetandika kitanda chake.

Kastori alimpokea stendi kwa pikapu yake. Njia nzima hakumwambia kwamba niko hai. Kasema alishindwa pa kuanzia. Mwanamume anayesimamia vikao vya ukoo.

Nilikuwa jikoni niliposikia gari. Nikatoka nyuma ya nyumba. Editha alikuwa ameshashuka. Alitazama uwanja, hakuna turubai, hakuna mabenchi, hakuna moto wa mafiga. Akadhani nimeshazikwa. Hakuingia ndani. Akapita moja kwa moja pembeni ya shamba kwenye kaburi la baba yake, na kilemba chake cheupe, na mkoba bado begani, akawa anatafuta udongo mpya.

Nikamwita.

Aligeuka. Hakupiga kelele. Akakaa chini, palepale kwenye ukingo wa kaburi. Nilipomkaribia akasema, "Shikamoo, mama." Nikasema marahaba. Akaomba maji.

Alipokwisha kunywa akaniuliza swali moja tu, siku ile masista waliponiletea simu, nilikuwa nimelala? Nikasema hapana. Akatingisha kichwa polepole, kama anayepokea matokeo aliyoyategemea.

"Kule wamekuombea misa ya marehemu," akasema. "Nilisoma somo mimi mwenyewe."

Amekwenda kulala kwa masista wenzake. Kitanda kimebaki kilivyotandikwa. Mboga nimempa jirani.

Alhamisi, 24 Oktoba

Hakuja.

Ijumaa, 25 Oktoba

Amekuja mchana, kafua mapazia yangu, kayaanika. Anaongea vizuri, kwa adabu, kama na mama wa mtu mwingine. Nilimweleza kuhusu mtaro, kuhusu Damasi, kuhusu kwa nini. Hadithi hii hakuwahi kuijua yote. Alilia kwa ajili ya Damasi. Nikapata tumaini kidogo.

Halafu akasema jambo ambalo halinitoki. "Mama, hata wale wa kule bondeni, na mabomu yao, wakifanya mazoezi wanatangaza kwanza."

Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa watu kwa nini wanatangaza.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sista Walburga amefariki.

Habari imekuja kwa simu ya Editha akiwa hapa kwangu, ananisaidia kuchambua mbegu. Wenzake wa kule wanasema alikuwa mtulivu siku mbili za kwanza, kisha akaanza kuita. Aliita usiku na mchana. Hawakujua anaita nini. Wakamrekodi kwa simu, wakamtumia Editha awaambie bibi anataka nini, wamtimizie. Ujumbe ulikuja ukiwa umechelewa, mtandao wetu ulikuwa umekatika tangu Jumamosi. Ukaingia pamoja na habari ya kifo.

Akausikiliza hapo barazani. Na mimi nikasikia. Sauti ya kizee, kavu, Kingoni safi kuliko changu. Alikuwa anauliza yule binti aliyekwenda kuchota maji mbona hajarudi. Anauliza, ananyamaza, anauliza tena. Kuna sauti ya Kijerumani inambembeleza, na yeye anauliza tena.

Editha alirudia kusikiliza. Kisha akawaandikia wenzake maana yake, kwa lugha yao, neno kwa neno. Alipomaliza akaendelea kuchambua mbegu.

Nilimwomba msamaha. Akasema amesamehe. Ni sista, kusamehe ni kazi yake. Nilitaka anisamehe kama mtoto na sikujua namna ya kuomba hilo.

Nilikuwa nimeandika humu kwamba namchukia. Mungu anasoma.

Jumamosi, 2 Novemba

Marehemu Wote. Tumekwenda makaburini pamoja, kisha kwa baba Editha hapa nyumbani. Tumepalilia, tumewasha mishumaa. Kwenye kuwataja marehemu wetu, Editha alitaja baba yake, mjomba wake Damasi, Sista Walburga. Akasita baada ya hapo. Nadhani kwa sekunde moja jina langu lilimjia, kwa mazoea ya wiki ile.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimerudi kwenye ile mada, imebaki sehemu ya mwisho. Kwa nini tishio la mshirika linamzuia adui. Nimewaambia mabomu peke yake hayazuii kitu. Kinachozuia ni kuaminika. Adui aamini mkubwa atampigania mdogo, na mdogo naye aamini, kila siku, bila kuona. Ndiyo maana wanakutana, wanapanga, wanafanya mazoezi, wanatembeleana. Yote hayo ni kulinda neno lisichakae. Likichakaa, ghala linabaki na vyuma tu, na mwenye ghala kabaki shabaha.

Zaituni akauliza, "Likishachakaa wanalifanyaje upya?"

Nikasema inachukua muda. Nikawapa zoezi, nikakaa, nikatazama dirishani mpaka kengele.

Alhamisi, 7 Novemba

Ameondoka. Mama Mkuu alimwachia achague, akachagua kurudi. Kuna wazee wengine kule, hata kama hawaongei Kingoni. Nilisema tena habari ya bondeni, mara moja tu, bila nguvu. Akasema, "Yalikuwepo nilipokwenda, mama, na yatakuwepo. Naogopa, kama ulitaka kujua. Kila ndege ikipita naogopa."

Sikujua kwamba anaogopa. Nilidhani naogopa peke yangu. Tungeweza kuogopa pamoja miaka yote hiyo, kila Jumapili, kwa simu.

Stendi alinishika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama masista wafanyavyo kwa wakubwa wao. Nilitaka anikumbatie. Kastori alisimama mbali na pikapu yake, hakusogea.

Ijumaa, 29 Novemba

Hospitali. Daktari, kijana wa Kilimanjaro, mpole, kanionyesha kwenye karatasi kwa kalamu: uvimbe uko hapa, ziwa la kushoto, na kwapani kuna mwingine. Walikata kipande wiki iliyopita. Majibu hayakuhitaji maneno mengi: saratani. Nitapelekwa Dar, huduma ya huku haitoshi. Niliuliza kama umeanza zamani. Akasema zamani kidogo.

Kastori alikuwa nje. Alipoona uso wangu akatoa simu mfukoni. Nikamuuliza anampigia nani. Akasema Editha, lazima ajue, safari hii ni kweli.

Nikamwambia rudisha simu. Akaniangalia. Nikamuuliza, atasema nini? Anaumwa? Anaumwa kweli? Anaumwa kweli kweli? Akarudisha simu mfukoni. Tukarudi nyumbani.

Sijakata tamaa kwa sababu ya uvimbe. Uvimbe ni uvimbe. Ni hilo la simu: maneno ya kumwita tulishayamaliza.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Mvua pia. Imenyesha tangu alfajiri, vumbi limelala, Matogoro kunanuka udongo. Nimepanda mistari michache ya mahindi karibu na jiko, nikachoka, nikaacha.

Editha alipiga baada ya misa, kama kawaida yake. Kule theluji. Mazoezi yalishakwisha, ndege za wageni zimerudi kwao, kumekuwa kimya. Wamempa chumba cha Sista Walburga, kina dirisha kubwa. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Akauliza shule. Nikasema nzuri.

Akauliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia ni mzima.

Nilisikia anapumua. Kisha akasema sawa, mama.